Mlango Niliokataa Ufungwe

Jumatano, saa nne na dakika tano asubuhi, kompyuta yetu ya mtaa wa Majengo ilipokea kwa njia ya redio barua ya kwanza ya siku hiyo. Iliniambia kwamba naweza kupata shahada ya chuo kikuu bila kusoma. Ya pili ilikuwa ya dawa ya kuotesha nywele. Ya tatu ilirudia ile ya shahada, neno kwa neno, kama mlevi aliyesahau kwamba ameshakusimulia.

Nilikaa nikizitazama zikiingia. Redio ilikuwa inalia ule mlio wake wa vyura, na betri ya lori chini ya meza inaishiwa. Barua ya ukurasa mmoja ilichukua dakika mbili kufika. Sisi tulikuwa na dakika ishirini kwa siku, kwa sababu vituo saba vya bara vilipokezana masafa yaleyale kwenda Dar es Salaam, na sisi wa chama cha wakulima Mpanda tulikuwa wa kwanza kwenye zamu. Ukimaliza dakika zako unanyamaza, Kasulu wanaingia. Kwa hiyo shahada yangu ya bure ilikuwa imenila dakika nne.

Mimi nilikuwa nasubiri barua moja tu. Jumatatu nilikuwa nimemtumia wakili Gideon, Mwanza, orodha ya familia arobaini na tatu za kitongoji cha Kwa Malale, huko Litapunga, pamoja na ekari za kila familia na mwaka walioanza kulima. Kampuni moja ya mashamba makubwa ilikuwa imekuja na ramani yake, na kwenye ramani hiyo Kwa Malale palikuwa pori tupu. Gideon alikubali kutuombea zuio mahakamani, akatuandikia bila kuficha: majina yote yawe mezani kwake kabla ya Ijumaa saa sita mchana, na atakayekosekana kwenye orodha, zuio halitamkinga. Nilitaka aniandikie neno moja tu, kwamba amepata. Basi.

Njia nyingine haikuwepo. Mwaka huo wa tisini na nane mvua ilikuwa imetukata na dunia. Redio ya taifa iliiita El Nino. Sisi tuliita mvua, maana hatukuona ilipoanza wala ilipokusudia kuisha. Tuta la reli lilikuwa limechukuliwa na maji huko njiani kwenda Kaliua na treni ilikuwa hadithi. Basi la Sumbawanga lilikuwa limelala kwenye matope na abiria walikuwa wamelizoea. Nguzo za simu zilianguka moja baada ya nyingine. Tulibaki na redio na miguu.

Dakika ya kumi na saba, baada ya mtu mmoja aliyetaka kuniuzia nyumba Florida, ikaingia barua yenye jina la Gideon. Nikainuka kitini. Haikutoka kwake. Ilikuwa barua yangu mwenyewe imenirudia, na juu yake mistari minne ya Kiingereza. Kiingereza changu nimejifundisha, kwa kamusi isiyo na jalada na magazeti ya kufungia vitumbua, kwa hiyo niliisoma polepole, mguu mmoja kwanza halafu wa pili. Ilisema hivi: barua hii tumeikataa kwa kuwa imetoka kwenye kompyuta inayowapitishia watu wasiojulikana takataka zao. Kama una neno, mwambie mwenye kompyuta.

Gideon alikuwa Mwanza, lakini sanduku lake la imeli alilipanga kwenye kompyuta ya Ulaya. Huko ndiko tulikokataliwa.

Nilizima kompyuta nikashika kipaza sauti, maana redio ni ileile, ukitaka inapiga kelele za vyura, ukitaka inaongea kama mtu.

"Dar, Dar, hapa Mpanda. Agatha, unanisikia? Ova."

"Nakusikia, mzee Bartolomeo. Nilikuwa najiandaa kuwaita wote. Ova."

Agatha alikuwa dada wa Dar aliyeutunza mtambo wetu wa barua, ile kompyuta iliyopokea imeli za vituo vyote saba na kuzitoa duniani. Sijawahi kumwona. Sauti yake niliijua kuliko ya binamu zangu.

"Barua yangu ya Mwanza imerudi. Wananiambia napitisha takataka. Ova."

"Si wewe, mzee wangu. Ni sisi wote. Kuna daftari la mitambo mibaya. Wenye mitambo yao huko nje wanalisoma kabla hawajapokea barua ya mtu. Tumeandikwa humo tangu Jumapili. Ova."

"Katuandika nani?"

"Waliochoka kuuziwa shahada na sisi."

"Sisi tumeanza lini kuuza shahada?"

"Tangu mtambo ubaki wazi. Mtu yuko huko Marekani, analeta barua moja na anwani elfu tatu chini yake, anaondoka zake. Mtambo wetu ndio unaohangaika kuzigawa, kwa simu yetu. Zikikataliwa zinarudi kwetu, maana yeye jina aliloweka ni la uongo. Zimerudi elfu kumi na moja, mzee. Diski imejaa mpaka mdomoni. Nauzima sasa hivi. Nikisafisha vizuri labda Jumamosi utaamka. Ova."

"Jumamosi ni baada ya Ijumaa."

"Najua."

"Sasa kwa nini hukufunga huo mlango mapema?"

Agatha akasema, taratibu, kama mtu anayemwekea mgonjwa chakula:

"Mzee Bartolomeo. Nani aliniambia nisifunge? Ova."

Ni mimi. Sitazunguka.

Mwezi wa kumi wa mwaka uliopita Agatha alikuwa ametuandikia vituo vyote saba. Alisema wageni wameanza kuutumia mtambo, na anaomba ruhusa ya kuweka sharti: barua ya kwenda nje ipite tu kama imetoka kwa wanachama. Mimi nilisoma maneno mawili. Wanachama. Ruhusa.

Mwaka sabini na tano, baada ya kufukuzwa ukarani wa simu za waya stesheni kwa sababu ya mdomo wangu, nilipangiwa kijiji cha ujamaa kama wenzangu. Barua za kijiji zilipita kwa mwenyekiti, za kwenda na za kuja. Anafungua, anasoma, akiridhika anagonga muhuri. Mdogo wangu alikuwa anaumwa Tabora. Barua yake ilikaa mezani kwa yule bwana wiki tano kwa sababu nilikuwa nimebishana naye kwenye mkutano wa mbegu. Nilipoipata, mdogo wangu alikuwa ameshazikwa, na barua ilikuwa inaniomba nije. Watu wananiambia, Bartolomeo, mambo ya zamani hayo. Kwangu si ya zamani. Najua mpaka rangi ya wino wa ule muhuri.

Halafu kuna habari ya sanduku. Mpanda wenye sanduku lao la posta ni wachache. Kama huna, unaandikiwa kwa sanduku la parokia, la shule, la gereji, na jina lako chini yake. Mwenye sanduku hakuulizi wewe ni nani. Barua ya mtu haikataliwi. Inawekwa dirishani, siku ukipita utaiona. Sanduku la chama chetu lilipokea barua za wavuvi wa Karema, za mkimbizi wa Katumba aliyekuwa anaandikiwa na mama yake, na za watu ambao mpaka leo sijaiona sura yao. Zingine zilikaa dirishani mpaka jua likafuta majina. Sikutupa hata moja. Hiyo ndiyo heshima niliyokuwa nayo mjini hapa, baada ya kunyang'anywa zingine zote.

Basi nikamfanya Agatha kuwa yule mwenyekiti, na mtambo wake nikaufanya sanduku la Mpanda. Niliandika kurasa tatu nikazipeleka vituo vyote. Leo wanataka orodha ya wanaoruhusiwa kuandika, nilisema, kesho watataka kusoma kilichoandikwa. Agatha alinijibu kwa adabu, mistari sita: mzee hujanielewa, barua yoyote inayotoka kituo cha Mpanda itapita, hata iwe ya nani, anayezuiwa ni yule asiyetoka kwetu na asiyemwandikia mtu wa kwetu. Sikuifikisha mwisho. Nilikuwa nimeshaanza kurasa nyingine mbili. Kura zikapigwa, vituo sita vikasema mlango usifungwe, kimoja tu kikasema ufungwe. Siku hiyo nilijinunulia soda.

Kitu ambacho sikukifikiria ni kidogo sana. Sanduku letu halijawahi kuletewa magunia ya barua na mtu asiyejua hata Mpanda iko wapi.

"Nisomee majina," Agatha alisema. "Barua ikishapita kwangu, nakala haibaki. Nisomee kwa sauti, nitaandika kwa mkono. Simu ya Mwanza ni nzima, nitampelekea wakili kwa faksi. Ova."

"Siwezi. Ova."

"Kwa nini?"

Hilo nalo sikuweza kulijibu hewani. Nilimwambia nitamwita kesho saa nne, nikazima.

Imeli ikipita hewani ni kelele tu, hakuna anayeielewa. Sauti ni kitu kingine. Mwenye redio yoyote akiweka masafa hayo anakusikia kama umekaa jikoni kwake. Kambi ya kampuni ilikuwa na redio, na nilijua wanasikiliza kwa sababu mimi mwenyewe nilikuwa nawasikiliza wao. Nilijua trekta lao limevunjika nini hata kabla ya fundi wao. Na walikuwa na mtu wao, Eustace, kijana wa heshima, shati jeupe hata kwenye matope, anayezunguka na fomu na pedi ya wino. Akishajua nyumba inayolalamika anakwenda siku mwanamume hayupo, au siku mjane yuko peke yake. Anaongea kwa upole mpaka dole gumba linalowa. Fomu inasema familia imeondoka kwa hiari. Ndiyo maana orodha ile ilikuwa siri mpaka mahakama iigonge muhuri. Muhuri ukigongwa, Eustace angekuwa anahangaika na karatasi bure.

Mchana wakaja Nyanda na Romana kuniuliza jibu. Nyanda ni Msukuma, aliingia Litapunga na ng'ombe mwaka themanini na tatu, na ndiye aliyezunguka nyumba kwa nyumba kukusanya yale majina. Romana ni Mpimbwe, mjane wa rafiki yangu Yohani. Walikuwa wamelowa mpaka mifupani. Walivua viatu mlangoni ingawa sakafu yangu ilikuwa chafu kuliko viatu.

"Namhala," Nyanda aliniita, kama Wasukuma wanavyomwita mzee, "wakili anasemaje?"

"Mitambo imeharibika," nilisema.

"Yenyewe?" Romana aliuliza.

"Imezidiwa na barua za watu."

"Watu gani?"

"Wa nje. Wanauza dawa ya nywele."

Nyanda alivua kofia. Kichwa chake kilikuwa kinang'aa kama sufuria. "Yaani shamba langu linakwenda kwa sababu ya dawa ya nywele," alisema. "Si ungeniagizia basi, nipate hata hicho."

Romana hakucheka. Alikuwa ananitazama. Mwanamke huyu amenijua miaka ishirini na mitano, alinijua nikiwa na meno yote.

"Shemeji," alisema, "ukiwa mkweli unapiga kelele. Leo unaongea chini."

Nikawaambia. Nilianza na kura, nikarudi kwenye kurasa tatu, nikaja kwenye daftari la mitambo mibaya.

"Kwa hiyo yule dada alitaka kufunga," Romana alisema.

"Ndiyo."

"Na wewe ukamwambia asifunge. Kwa niaba yetu."

"Ndiyo."

"Mimi uliniuliza?"

"Sikukuuliza."

"Ulinifanya nipige kura na hata sijui kompyuta inakula nini." Alikamua kanga yake hapohapo sakafuni. "Haya. Sasa hiyo njia ya sauti ikoje?"

Nikaeleza na hiyo. Nikamtaja Eustace. Nyanda alisema yeye yuko tayari, lakini hawezi kutoa jina la mtu mwingine mbele ya adui, orodha waliitia sahihi kwa ahadi ya siri. Nikasema labda niyasome haraka haraka, kwa kuruka ruka.

"Usisome wewe," Romana alisema. "Umeshatusemea ya kutosha. Kama jina langu lazima lisikike, lisikike kwa mdomo wangu. Asiyetaka asije."

Nyanda alivaa kofia yake na kuchukua baiskeli. Kwa barabara ile baiskeli ndiyo iliyobebwa na mtu, lakini aliondoka kwenda kuwauliza nyumba kwa nyumba.

Alhamisi saa tatu na nusu watu wa Kwa Malale walikuwa wameshafika. Wametembea tangu alfajiri, wengine wamevuka maji ya kiunoni, wamejazana kwenye ofisi ya chama na kibarazani mpaka kwa fundi cherehani wa jirani, ambaye alifunga kazi akatoa benchi. Nyanda alihesabu mara mbili. Nyumba thelathini na sita. Nne zilikuwa zimetuma neno: msitutaje. Tatu ziko ng'ambo ya mto, na mto haukuvukika. Nyanda hakuweza hata kuwapigia kelele wasikie. Moja ya hizo tatu ni ya mzee Malale mwenyewe, yule aliyefyeka pori la kwanza, kitongoji kikachukua jina lake.

Saa nne kamili nikamwita Agatha. Nilimwambia achukue kalamu, kila mtu atasema jina lake, ekari na mwaka. Nikamwekea Nyanda kipaza sauti mkononi na kumwonyesha kitufe.

Alikishika kama anashika ndama. "Mimi Nyanda," alisema, halafu akanitazama. "Niseme na la baba?"

"Sema."

Akasema la baba, na la babu pia ambalo hakuna aliyemwomba, ekari saba, mwaka themanini na tatu. Wa pili alipiga kelele kana kwamba Dar iko ng'ambo ya bonde. Wa tatu alinong'ona na Agatha akamwomba arudie mara tatu, na kila aliporudia alinong'ona zaidi. Kulikuwa na mama aliyesema jina na ekari, kisha akaanza kumsalimia dada yake anayekaa Temeke, kama Agatha anamfahamu.

"Sijabahatika kumfahamu, mama," Agatha alijibu. "Anayefuata. Ova."

Romana alipofika alisema polepole, kwa sauti ya mtu anayehesabu sufuria zake. "Romana, mjane wa Yohani. Ekari nne, mpunga na mahindi. Mwaka themanini na moja. Na wewe Eustace kama unasikia, nyumbani nipo, mlango unaujua." Akanirudishia kipaza sauti. Watu walicheka.

Dakika ishirini zetu ziliisha kwenye jina la kumi na tisa. Nilikuwa nimeshaanza kusema samahani pale sauti nyingine ilipoingia.

"Mpanda, hapa Kasulu. Chukueni zangu. Ova."

Sikuwa nimejua kwamba wanasikiliza. Wote walikuwa wanasikiliza. Jina la ishirini, la ishirini na moja. Dakika za Kasulu zilipokaribia kwisha, wakaingia Sumbawanga.

"Huyo si ndiye mzee wa kurasa tatu?" mwendeshaji wa Sumbawanga aliuliza. "Yule aliyetuambia mlango usifungwe?"

"Ndiye," nilijibu.

"Mimi nina barua za shahada mia mbili hapa, mzee. Nikupe ngapi?"

"Nipe dakika zako."

"Chukua. Umeongea sana mwaka jana. Leo waache wenzako waongee. Ova."

Ukweli ni kwamba nilistahili zaidi ya hayo.

Jina la thelathini na sita lilipopita, taa ya redio ilikuwa imeshakuwa nyekundu iliyochoka. Agatha alikuwa anasomewa ekari za mwisho. Mkononi mwangu ilikuwa orodha nzima, na macho yangu yalikuwa juu ya yale majina matatu ya ng'ambo ya mto. Ningeweza kuyasoma kwa pumzi moja.

Romana aliliona hilo. "Na wa ng'ambo?"

"Hawajaulizwa."

"Utawaacha?"

"Wewe si ndiye uliyeniambia nisimsemee mtu?"

Nyanda alitazama sakafu. Nilijua wanangoja niseme neno, kama walivyozoea miaka yote, na miaka yote nilikuwa nalo. Siku ile nilikuwa nimechoka kuwa na neno.

"Mpanda, kuna wengine? Ova," Agatha aliuliza.

"Hakuna," nilisema. "Ova."

Taa ikazimika baada ya dakika kama mbili hivi.

Gideon alipata faksi Alhamisi hiyohiyo jioni, na Ijumaa kabla ya saa sita ombi likagongwa muhuri likiwa na nyumba thelathini na sita. Hayo niliyajua Jumatatu, mtambo ulipoamka. Barua ya kwanza niliyoituma ilikwenda vituo vyote, na ni fupi kuliko zote nilizowahi kuandika. Nilisema: Funga. Bartolomeo, Mpanda. Wakapiga kura, saba kwa saba, na Agatha akafunga. Alituambia ilimchukua dakika kumi na mbili. Ilichukua siku tisa kuwabembeleza wenye lile daftari wajaribu mlango wetu, waone umefungwa kweli, watufute. Takataka zilipungua, hazikuisha. Shahada yangu bado ipo, naletewa mara mbili kwa wiki.

Eustace alikwenda kwa Romana kweli, kesho yake baada ya majina kusikika redioni. Alikuta majirani wamekaa uani wanapukuchua mahindi, akapewa kiti, akakaa, akaondoka na fomu yake kavu. Alikwenda pia kwenye zile nyumba nne zilizokataa kutajwa, maana alikuwa anajua kuhesabu kama sisi, akaona nani hakusikika. Mbili kati ya hizo ziliweka dole.

Maji yalipopungua mwezi wa nne, kampuni ilivuka mto kabla yangu.

Nilifika kwa mzee Malale saa tano asubuhi na baiskeli begani. Nilipita katikati ya shamba lake ili nifike nyumbani kwake, na sikuhitaji kuuliza kilichotokea. Vigingi vyekundu vilikuwa vimesimama katikati ya mahindi, na upande wa kule trekta lilikuwa limeshalaza mistari kumi na miwili, mabua yamelala na mahindi machanga yamebanwa kwenye udongo. Mzee alikuwa anatembea kwenye matuta akiyaokota, anayatia kwenye kikapu, mbuzi watayala. Miaka themanini na zaidi. Hakuinuka mpaka nilipomsalimia mara ya pili.

Nilimweleza yote nikiwa nimesimama. Mtambo, mlango, kura, redio, watu waliojazana Majengo. Nikamwambia jina lake lilikuwa mkononi mwangu.

"Ukaliacha," alisema.

"Sikuwa nimekuuliza, mzee. Niliogopa watakujia."

"Waje wapi?"

"Hapa."

Alitazama vigingi, akanitazama mimi. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililonikera zaidi. Ningejua la kufanya na hasira.

"Mtu akipotea njia huko barabarani anaulizia wapi?" alisema. "Anaulizia Kwa Malale. Polisi wanaandika Kwa Malale. Hata hao wenye trekta walimuuliza Nyanda njia ya Kwa Malale. Miaka arobaini jina langu linatembea mdomoni mwa watu nisiowajua, mwanangu. Wewe ulikuwa unamficha nani?"

Nilichukua kikapu kutoka mkononi mwake nikaanza kuokota mstari wa pili. Aliniacha niokote mpaka kikajaa.

"Huo mlango wenu," alisema baadaye, "nasikia mmeufunga."

"Tumeufunga kwa wa nje."

"Na mimi ni wa wapi?"

"Wa ndani, mzee. Barua ikitoka Mpanda inapita, hata iwe ya nani." Nilisikia mistari sita ya Agatha ikitoka mdomoni mwangu, neno kwa neno, miezi sita imechelewa.

"Basi kaa uandike."

"Zuio limeshatoka. Wakili atasema umechelewa."

"Nimekuambia uandike. Yeye akisema nimechelewa, aniambie mimi."

Ndani palikuwa panavuja, tukakaa chini ya paa la jiko. Nilitoa daftari, nikaegemeza kwenye goti. Mzee Malale alifuta mikono kwenye suruali, akakohoa, akaniambia nisianze kuandika chochote mpaka amalize kusema, nisiongeze na nisipunguze. Kisha akataja jina lake, la baba yake, na mwaka aliofika, akaanza kunitajia miti aliyoikata, mmoja mmoja, ilipokuwa imesimama.